Msisubiri mablanketi: barua ya wazi kuhusu mvua ya mawe na nyumba zetu

Kwa:
Mkurugenzi, Idara ya Menejimenti ya Maafa, Ofisi ya Waziri Mkuu, Dodoma
Wakurugenzi na Waheshimiwa Madiwani wa halmashauri za mikoa ya Shinyanga, Geita na Tabora

Nakala: Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, Shirika la Viwango Tanzania (TBS), VETA

YAH: KUZILINDA NYUMBA KABLA YA MVUA YA MAWE, SI BAADA YAKE

Waheshimiwa,

Mimi ni fundi wa kupaua nyumba katika vijiji vya Kahama na Msalala, na kazi ya paa ikipungua najenga kuta. Naandika hadharani kwa sababu haya ninayotaka kusema nimeshayasema kwenye mikutano ya kijiji, na kila mara nimeahidiwa kwamba yatafikishwa ngazi za juu. Leo nayafikisha mwenyewe.

Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe yenye upepo mkali iliipiga kata ya Mwakata, hapa hapa Msalala. Watu zaidi ya 40 walikufa, makumi walijeruhiwa, na mamia ya kaya zilibaki bila pa kulala. Rais Jakaya Kikwete alikuja mwezi uleule kuwapa pole wafiwa. Yakaja mahindi, maharage, mablanketi na maturubai, na Mungu awalipe waliotoa. Tangu hapo, kila paa zinapoezuliwa mahali fulani katika mikoa yetu, mambo huenda kwa mpangilio uleule: viongozi wanafika na viatu vya matope, majina yanaandikwa kwenye daftari, msaada unagawiwa, picha zinapigwa, na baada ya wiki mbili mwenye nyumba anafyatua tofali zilezile, kwa udongo uleule, kwenye kiwanja kilekile.

Hapo ndipo penye malalamiko yangu. Mvua ya mawe hamwezi kuizuia na hakuna anayewadai hilo. Ukuta ulioanguka mngeweza kuuzuia. Huko Moradabad, India, Aprili 30, 1888, mvua ya mawe iliua watu 246, na katika kumbukumbu za Shirika la Hali ya Hewa Duniani hakuna mvua ya mawe iliyoua wengi zaidi ya hiyo. Yale yalikuwa mawe makubwa ya kumuua mtu aliyesimama nje. Mwakata haikuwa hivyo. Watu walikuwa ndani, ni usiku, wengine wameshalala, na wengi wao waliangukiwa na kuta za nyumba walizozijenga kwa mikono yao. Mtu akifia ndani ya nyumba yake, kazi ya kwanza ni kuiuliza nyumba.

1. Ukuta ndio unaoua.

Tofali bichi, lile la udongo lililokaushwa juani bila kuchomwa, kiangazi halina kosa. Linabeba paa, ndani kuna ubaridi, na familia inalifyatua yenyewe kwa jasho na maji ya bwawa. Silidharau hata kidogo. Nimekulia ndani ya tofali hilo, na ninaowajengea hawana uwezo wa kununua jingine. Adui yake ni maji.

Mvua ya kawaida hulowesha uso wa ukuta, kisha jua hutoka na ukuta ukakauka. Mvua ya mawe inakuja kivingine. Upepo huilaza mvua ikaupiga ukuta ubavuni. Barafu hubandua lipu ya udongo, au samadi tuliyosiriba, na kuliacha tofali uchi. Halafu barafu iliyoteleza kutoka paani hujilundika chini ya ukuta na kuyeyukia hapo hapo, taratibu, kwa saa nyingi. Ukuta unanyweshwa kutoka chini. Ndiyo maana nyumba inaweza kusimama dhoruba nzima, wenyewe wakamshukuru Mungu na kurudi kitandani, kisha alfajiri ukuta ukawalalia. Nawaomba mlishike jambo hili hata kama mengine mtayaacha, kwa kuwa katika mafunzo yote ya maafa niliyowahi kuhudhuria sijasikia mtu mmoja akiwaambia wananchi waikombe barafu iliyolundikana ukutani, wala wasilale tena usiku ule kwenye nyumba ya tofali mbichi iliyolowa.

Wazee wetu hawakujenga hivi. Msonge wa Kisukuma ulikuwa wa duara, kuta zake nguzo na fito zilizokandikwa udongo, juu nyasi. Udongo ulipomeguka, nguzo na fito zilibaki zimelishika paa. Upepo haukupata pembe ya kung'ang'ania, na nyasi zilipunguza kishindo cha barafu. Simwambii mtu arudi kwenye msonge, maana nyasi zinashika moto na fito ni chakula cha mchwa. Ila tulipohamia nyumba ya pembe nne tuliiacha ile fremu ya miti na hatukuweka nyingine mahali pake. Nyumba nyingi ninazoitwa kupaua hazina lenta. Kenchi inalazwa juu ya tofali la mwisho na kufungwa kwa waya mmoja, na kuna mahali haifungwi kabisa. Ukuta na paa vinakaa pamoja kwa uzito wao tu. Upepo ukiinua paa, ukuta uliolowa hauna tena kitu cha kuushika kwa juu.

Dawa yake fundi yeyote mzuri anaijua. Msingi wa mawe upande hadi usawa wa magoti, ili barafu na maji yanayoruka yakutane na jiwe kabla ya udongo. Mawe tunayo, mtu akisafiri kutoka Mwanza hadi Shinyanga anayaona yamejipanga njia nzima. Paa litokeze nje ya ukuta vya kutosha. Juu ya ukuta uzunguke mkanda wa lenta, wa zege na nondo kwa anayeweza, wa mbao nzito zilizofungamanishwa kwenye kona kwa asiyeweza, na kenchi zifungwe humo.

Kuhusu tofali lenyewe, jibu la haraka huwa ni tofali la kuchoma. Lakini tanuru linakula miti, na sisi watu wa Shinyanga tunajua gharama ya kumaliza miti. Mradi wa hifadhi ya ardhi, HASHI, ulioanza mwaka 1986 ulitumia miaka mingi kuturudishia ngitili, yaani maeneo ya miti na malisho yaliyohifadhiwa, na itakuwa hasara kuzipeleka ngitili hizo kwenye matanuru. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora, NHBRA, ulishafanya kazi kubwa juu ya tofali la kufungamana: udongo uleule wa kijijini, saruji kidogo, mashine ya kushindilia kwa mkono, halichomwi, na likikauka halirudi tope linapokutana na maji. Utafiti huo ulilipiwa na fedha za umma. Katika vijiji ninavyofanyia kazi, mashine yake naiona kwa nadra sana.

Ombi langu hapa ni mahususi. Kila kata ipate walau mashine mbili za tofali za kufungamana, mali ya kikundi cha vijana au cha akina mama, kwa mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Mikopo hiyo ina fungu la wanawake asilimia 4, vijana 4 na wenye ulemavu 2, na mara nyingi huishia kwenye bodaboda na mashine za kusaga. Bodaboda si mbaya. Lakini kikundi cha kufyatua tofali kina soko katika kila boma linalojengwa, na kila tofali wanalouza linapunguza hatari ya usiku mmoja kama ule wa Mwakata.

Ombi la pili: mafundi. Karibu sote huku tumejifunza kwa kumshikia mtu mwingine ndoo. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mitaani, na utaratibu huo ni mzuri. Uleteni vijijini kwa wiki moja moja, muuwekee somo la lenta, la kufunga kenchi na la msingi wa mawe, na wanaofaulu majina yao yabandikwe kwenye ofisi ya kijiji. Vijijini hakuna kibali cha ujenzi wala mkaguzi. Njia pekee ya kufikisha ujenzi bora ni kupitia mkono wa fundi.

2. Bati linauzwa bila ukweli.

Wananchi wengi wamefika mahali pa kuezeka bati, na ni hatua kubwa katika maisha ya familia. Mtu anauza ng'ombe wawili ili anunue bati. Anafika dukani anaambiwa hili geji 30, hili geji 32, hili la msauzi, hili la rangi. Kadiri namba ya geji inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba, na wateja wengi hudhani kinyume chake. Nimewahi kuitwa kuezeka bati lililouzwa kama geji 30, nikalikunja pembe kwa vidole. Muuzaji wa duka lile, ambalo silitaji, alijibu kwamba ndivyo mzigo ulivyokuja.

Wakubwa wangu, fikirieni hesabu hii. Jiwe la barafu la kipenyo cha sentimita 4 lina uzito mara nane ya lile la sentimita 2. Tena kwa kuwa ni zito linaanguka kwa kasi zaidi, kwa hiyo nguvu ya pigo lake hufika karibu mara 16. Tofauti ndogo ya barafu inadai tofauti kubwa ya bati. Bati jembamba huenda lisitoboke siku ya kwanza. Linabonyea, rangi na zinki vinapasuka kwenye bonde, tundu la msumari linapanuka, kutu inaingia, na mvua kubwa ya mwaka unaofuata inalikuta limeshalegea. Upepo unaanzia kwenye msumari uliolegea, unaling'oa bati la kwanza, kisha unaingia ndani na kuyainua mengine kutoka chini.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Paneli ya sola ya kiwango cha kimataifa, IEC 61215, haipiti mpaka ipigwe kwa mpira wa barafu wa milimita 25 unaokwenda kwa mita 23 kwa sekunde. Uswisi wanazo taratibu za kupiga vifaa vya paa kwa barafu na kuvipa daraja, ili mnunuzi ajue paa lake litahimili jiwe la ukubwa gani. Kioo cha sola kilicho juu ya nyumba ya mkulima wa Msalala kinaweza kuwa kimejaribiwa kwa barafu, na bati lililo chini ya kioo hicho, juu ya kichwa cha mtoto wake, halijajaribiwa na yeyote.

Kwa TBS naomba mambo mawili. Unene halisi wa bati kwa milimita uchapwe juu ya bati lenyewe, kila baada ya mita moja, kwa wino usiofutika; geji peke yake haimsaidii mnunuzi. Na wakaguzi wafike Kahama, Ushirombo na Nzega na kifaa cha kupimia unene, waingie madukani bila taarifa. Siombi bati jembamba lipigwe marufuku, kwa kuwa atakayeumia ni maskini atakayerudi kwenye maturubai. Naomba anayelinunua ajue analonunua, na fundi ajue kwamba bati hilo linadai papi za karibu karibu na misumari mingi zaidi.

Halmashauri nazo zina la kufanya. Mji wa Calgary huko Kanada, baada ya mvua ya mawe ya Juni 13, 2020 kuharibu maelfu ya nyumba, ulianzisha mpango wa kumrudishia mwenye nyumba dola 3,000 za Kanada akiezeka upya kwa paa linalostahimili barafu. Hatuna fedha za Calgary, na hatuzihitaji. Tofauti ya bei kati ya bati jembamba na bati la kufaa, kwa nyumba ya vyumba viwili ya mjane au mzee asiye na mtu, ni kiasi ambacho halmashauri inaweza kukibeba ikiamua. Mnaponunua bati za msaada baada ya maafa, nunueni za kufaa, na mzilete pamoja na misumari, mbao na posho ya fundi. Nimeshaona bati za msaada zimewekwa juu ya kuta zilizopasuka na kukandamizwa kwa mawe, kwa kuwa misumari haikuwemo kwenye mgao. Mawe yale ndiyo yatakayomwangukia mwenye nyumba safari nyingine.

3. Tahadhari haifiki usiku.

Mamlaka ya Hali ya Hewa imejitahidi, na nasema hivyo kwa moyo mweupe. Siku hizi hata watoto wanajua angalizo ni njano, tahadhari ni rangi ya chungwa na tahadhari kubwa ni nyekundu. Rada zimeongezeka, Mwanza ipo, Kigoma ipo. Lakini tahadhari tunazozisikia huku mara nyingi ni za mvua kubwa, upepo mkali na mawimbi ziwani, za siku nzima au siku tano, kwa mkoa mzima. Mvua ya mawe haiwezi kutabiriwa hivyo. Hakuna mtabiri anayeweza kusema wiki moja kabla kwamba barafu itaanguka Mwakata na si Isaka. Wingu lake likishajijenga, hata hivyo, rada inaweza kuliona na kuona linakoelekea. Tahadhari ya dakika 30 inatosha kumwamsha mama na watoto na kuwahamishia kwenye jengo imara kabla jiwe la kwanza halijaanguka.

Dakika hizo 30 zinapotelea wapi? Zinapotelea kati ya ofisi ya mtabiri na mlango wa nyumba. Simu ya mtendaji imezimwa usiku, redio imezimwa, na ujumbe wa WhatsApp unasomwa asubuhi wakati watu wanachimbuana.

Huku kwetu tunao sungusungu. Walianzia katika maeneo yetu haya mwanzoni mwa miaka ya 1980, enzi za wizi wa ng'ombe, na filimbi na yowe la mwano viliweza kuinua kijiji kizima usiku wa manane kabla mwizi hajavuka mto. Mtandao ule bado upo. Una viongozi wanaotii, unajua kila kaya, na hauhitaji chaji. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Namba 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Naomba kamati hizo zikabidhi kazi ya tahadhari ya usiku kwa sungusungu: kiongozi mmoja wa zamu kila kitongoji, simu moja isiyozimwa inayolipiwa na halmashauri katika miezi ya mvua, na mlio wa filimbi wa namna ya pekee unaomaanisha mvua ya mawe na si kitu kingine. Kengele ya kanisa na kipaza sauti cha msikiti vimsaidie.

Watu wakiamshwa, waende wapi? Tumezoea kusema shuleni, na paa za shule ndizo tunazozisoma kwenye magazeti kila mwaka kwamba zimeezuliwa. Wahandisi wa halmashauri wapite kila kijiji wachague jengo moja, likaguliwe kenchi zake na lenta yake, lirekebishwe, lipakwe alama mlangoni, na ufunguo wake ukae kwa mtu anayelala jirani. Jengo moja kwa kijiji kimoja si ombi kubwa.

Naongeza tahadhari nyingine, hii nawapa ninyi. Watakuja wafanyabiashara wa mizinga ya kulipua mawingu na wengine wenye dawa za kunyunyizia. Kericho, kwa jirani zetu Kenya, ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na mashamba makubwa ya chai huko yalijaribu roketi na ndege za kumwaga iodidi ya fedha mawinguni tangu miaka ya 1960. Barafu inaanguka Kericho mpaka leo. Mizinga ya kelele ndiyo kabisa haina ushahidi wa kisayansi. Shilingi ya kununua mzinga ingenunua nondo za lenta.

4. Mkono wa mtu.

Hili ni fupi lakini lina damu ndani yake. Baada ya kila msiba mkubwa huku kwetu huanza minong'ono kwamba ni mkono wa mtu, na minong'ono hiyo ikishaanza hutafuta bibi kizee mwenye macho mekundu. Macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa samadi aliopikia maisha yake yote. Mkoa wetu umezika vikongwe wengi kwa tuhuma hizo za uchawi na wote tunaifahamu aibu hiyo.

Kwa hiyo kueleza barafu inatokea wapi ni sehemu ya ulinzi. Joto la mchana huinua hewa yenye unyevu, wingu linapanda zaidi ya kilomita kumi hadi kwenye baridi kali, matone ya maji yanagandiana juu ya chembe ya barafu, upepo wa ndani ya wingu unaibeba chembe ile juu hadi inakuwa nzito kuliko nguvu ya upepo, ndipo inaanguka. Mwalimu wa darasa la tano anaweza kulieleza hili kwa kipindi kimoja. Afisa anayekuja na msaada naye aliseme, kwa Kisukuma, mbele ya wazee na waganga, kabla ya kugawa blanketi la kwanza. Nawaomba wakuu wa wilaya wahakikishe kwamba baada ya kila mvua ya mawe polisi wa kata na viongozi wa dini wanawatembelea vikongwe wanaoishi peke yao siku hiyohiyo.

5. Fedha zipo, zinakuja kwa kuchelewa.

Najua nitajibiwa kuhusu bajeti, na jibu hilo silikubali. Msalala ni halmashauri yenye mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu. Tangu marekebisho ya mwaka 2017, Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri. Mipango hiyo imejenga madarasa na zahanati, na tunashukuru. Waheshimiwa madiwani, katika mpango ujao ombeni mashine za tofali, nondo za lenta na jengo imara kwa kila kijiji. Ushuru wa huduma nao unaingia kwenu.

Na Serikali Kuu imeshaonyesha kwamba ikitaka inaweza. Baada ya maporomoko ya tope ya Hanang ya Desemba 2023, waathirika walijengewa nyumba mpya Waret. Tumefurahi pamoja nao. Lakini nyumba zile zilijengwa baada ya makaburi. Sehemu ndogo tu ya gharama ya nyumba moja nzima ingeweka lenta kwenye nyumba kadhaa ambazo bado zina watu ndani. Sheria ileile ya maafa ya 2022 inazungumzia kuzuia na kujiandaa, pamoja na kukabili na kurejesha hali. Ripoti zetu za wilaya zinajua sana kurejesha. Naomba Idara ya Menejimenti ya Maafa idai kutoka kwa kila halmashauri taarifa ya kila mwaka yenye swali moja: kabla ya mvua, ni nyumba ngapi mmeziimarisha? Halmashauri isiyo na jibu isikubaliwe kujificha nyuma ya idadi ya mablanketi iliyogawa.

Wakulima wa tumbaku wanaweza kulikatia jani bima ya mvua ya mawe kupitia vyama vyao vya ushirika. Basi AMCOS hizohizo ziruhusiwe na zihimizwe kukata bima ya kundi kwa paa za wanachama, makato yakitolewa siku ya malipo ya mazao. Kampuni za bima zinapouliza ukuta ni wa nini na kukuta ni tope, zinafunga daftari. Zikikuta lenta, msingi wa mawe na bati lenye unene uliochapwa, hazitakuwa na sababu hiyo tena.

Ninayoyataka kabla ya mvua za vuli ni machache na yanapimika. Mhandisi wa kila halmashauri atangaze jengo la kukimbilia kwa kila kijiji. Namba ya simu ya zamu ya kila kitongoji ibandikwe ofisi ya mtendaji. Fomu za mikopo ya asilimia 10 zifunguliwe kwa vikundi vya tofali. TBS wafanye ukaguzi mmoja wa maduka ya bati Kahama na matokeo yake yasomwe redioni. Na mkutano wa hadhara ufanyike Mwakata, mbele ya familia zilizozika watu wao, ambapo Idara itaeleza ni nini kimebadilika katika kuta na paa za kata ile tangu Machi 2015.

Mimi na mafundi wenzangu tuko tayari kutoa siku zetu. Mkileta nondo na saruji, tutafunga lenta ya nyumba ya kwanza ya mfano katika kijiji chochote mtakachochagua, bila kudai ujira, na vijana wa kijiji hicho wakishika ndoo na kujifunza. Kiangazi ndio wakati wa kazi hiyo, na tofali zimeshaanza kufyatuliwa.

Nasubiri majibu yenu hadharani.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi wa kupaua,
Msalala, Shinyanga